Ukurasa wa Shukrani wa Mke Wangu

Kwa miaka mingi hakuna andiko la mke wangu lililotoka nyumbani kwetu Kanoni kabla sijalipitia. Aliniletea kurasa barazani, nami nikizichambua sentensi kwa sentensi, bila haraka, hata akalalamika kwamba kahawa ya shambani ingeiva kabla sijafika aya ya pili. Nafasi hiyo niliithamini kuliko nilivyowahi kumwambia.

Alipoanza tasnifu yake kuhusu namna wanawake wa kata ya Kituntu wanavyochagua mbegu za maharage, kurasa zilikoma kuja. Aliketi na kompyuta akiiuliza akili unde, nayo ikimjibu papo hapo. Mara nyingine nilimsikia akicheka peke yake chumbani, na kicheko kile kilinichoma.

Siku moja aliniambia kwamba programu ile imekosea. Mama mmoja aliyehojiwa alisimulia jinsi anavyowakaribisha wageni kwa kahawa ya kutafuna, yaani buni zilizokaushwa, nayo programu ikafasiri kuwa huwachemshia kinywaji. Furaha yangu haikufichika.

“Ungeniuliza mimi,” nilisema.

“Nimesharekebisha, Mwalimu. Wewe ungenihutubia mpaka ndizi ziungulie jikoni.”

Sura zote zilikwenda kwa msimamizi wake bila kupita kwangu. Ulibaki ukurasa wa shukrani, na huo alinionyesha. Akili unde ilikuwa na aya nzima: imesaidia kupanga hoja, imesahihisha lugha, imefupisha makala za watafiti waliotangulia. Mimi nilikuwa mwishoni mwa sentensi: “na mume wangu, kwa uvumilivu wake.”

“Aya nzima?” niliuliza.

“Hilo ni tamko, chuo kinalidai. Nisipoitaja nitaitwa mdanganyifu.”

“Na mimi?”

“Wewe nikikutaja hivyo, watasema umeniandikia.”

Hoja yake ilikuwa madhubuti. Nilisema tu kwamba neno “uvumilivu” linanifanya nionekane kama mtu aliyesahauliwa kwenye foleni ya hospitali. Alicheka, akaigeukia kompyuta, akaandika ombi fupi, kisha akanisomea mapendekezo. La tatu lilisema: “na mume wangu, msomaji wangu wa kwanza.”

“Hili ndilo,” alisema, akalinakili palepale. “Umeridhika?”

Nilimjibu kuwa ni zuri sana, nikamwomba anitumie sura ya kwanza.

“Ya nini tena?” aliuliza, bila ubaya wowote. “Imeshapita.”