Mkulima wa Mwani Anayeambiwa Kitabu Si Chake

“Waheshimiwa majaji,” anasema Kahaso Jefwa huku akikaza fundo. “Mkato. Aya mpya.”

Kavenya Mulinge, mkulima mwenzake aliyekalia ndoo iliyopinduliwa na daftari mapajani, hasogezi kalamu. “Waheshimiwa? Hawa? Mama Lewis, una moyo wewe.”

“Andika, mdogo wangu. Barua haianzi na matusi.”

Ni saa mbili asubuhi kijijini Kibuyuni, karibu na Shimoni. Kahaso, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, amekaa bandani akifunga mbegu za mwani kwenye kamba ndefu, fundo moja kila shubiri. Maji yatakupwa saa tano, na kamba hizo sharti zifungwe kwenye vigingi baharini kabla hayajarudi.

Barua inayoandikwa ni ya rufaa. Mwezi uliopita Kahaso alitajwa miongoni mwa waandishi sita waliofika hatua ya mwisho ya Tuzo ya Wino Mpya, shindano la ng'ambo la waandishi wanawake kutoka nchi zinazoendelea. Linapokea riwaya kwa lugha tano, Kiswahili kikiwamo. Wiki mbili baadaye jina lake liliondolewa. Amepewa mpaka Ijumaa kujibu. Leo ni Jumatano.

Riwaya yake, Zizi Halina Mlango, inahusu mjane wa upande mkavu wa Kinango ambaye shemeji zake, walipogawana mbuzi wa marehemu, walimhesabu na yeye. Kahaso alizaliwa huko huko. Aliacha shule darasa la sita, akaolewa Kibuyuni, na ndoa ilipovunjika akabaki na Lewis, watoto wengine na mwani. Alama za uandishi alijifunza mwenyewe, kwa kusoma kwa sauti magazeti yaliyofungiwa maandazi.

Kazi hii haimwachii mtu mikono ya kuandika. Nyuzi za nailoni hukata vidole na chumvi huingia kwenye michubuko. Jioni Kahaso hawezi kubana kalamu. Kuacha kufunga ili aandike hawezi pia. Mwani mkavu humpa shilingi elfu saba hivi kwa mwezi ulio mzuri, na miezi mizuri, anasema, si yote.

Kwa hiyo banda lilijitungia utaratibu wake. Anayepumzisha vidole hufuta mikono kwa leso na kushika daftari. Kahaso husema, yeye huandika. Husema mpaka nukta, mpaka mkato, mpaka mahali aya inapoanzia. Kabla ya kutawanyika husomewa yote, naye husahihisha. Kitabu kilichukua miaka mitatu na madaftari sita, na ndani yake mna miandiko mitatu: wake mwenyewe siku vidole vilipokubali, wa Kavenya, na wa Bi Mwanakombo Abdulwahab.

“Sisi hatukutia letu,” anasema Bi Mwanakombo, mwenye miaka hamsini na minane, anayefunga kamba ya pili. “Wallahi ukikosea anakurudisha. Mimi niliandika ‘alilia’, kumbe yeye amesema ‘alinyamaza’. Nikamwambia, lakini mwanangu, mtu amefiwa! Akaniambia, bi, futa.”

Kavenya anacheka. Kosa lake ni kubwa kuliko hilo. Katika daftari la nne alichoshwa na shemeji mkubwa wa yule mjane, akaamua kumuua. Aliandika mistari mitatu ya kwake: nyoka, mguu, kaburi.

“Nilipomsomea alinitazama tu hivi,” anasema. “Kisha akachukua kalamu, na vidole vile vimevimba, akapiga mstari juu ya kaburi langu. ‘Huyu hafi,’ akasema. ‘Anaishi miaka yote, na huo ndio uchungu wenyewe.’”

Walipofika sita bora, waandishi waliombwa ushahidi kwamba kazi ni zao: rasimu, maelezo, chochote walicho nacho. Bi Mwanakombo alimshauri Kahaso anakili kila kitu upya kwa mkono wake. “Nilimwambia, nani atajua?”

Kahaso alikataa. Alipiga picha kurasa zote za madaftari sita na majalada yake, madoa ya maji ya chumvi yakiwa pale pale, akazituma.

“Walitaka kujua kilivyoandikwa,” anasema. “Nikawaonyesha kilivyoandikwa.”

Jibu lilikuja na ukurasa wa nyoka umezungushiwa duara jekundu. Barua hiyo, ambayo gazeti hili limeisoma, inasema kuwa miandiko mitatu “na mabadiliko ya kisa yaliyofanywa na mkono wa pili” vinaonyesha kazi ya watu kadhaa, kinyume na kanuni ya tisa inayotaka mwandishi mmoja. Mistari aliyoikataa mwandishi imetumiwa kumnyang'anya uandishi. Ule mstari wa kufuta, uliopigwa na Kahaso mwenyewe, haukutajwa popote.

Badala yake kitabu kitaingizwa katika kitengo cha “sauti za jamii”, kisicho na zawadi. Mahali pa jina la mwandishi patasomeka: Wanawake wa Kibuyuni.

Hapo Kahaso anaacha kufunga, kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

“Wanawake wa Kibuyuni ndiye nani? Mimi nina jina. Yule mjane alihesabiwa na mbuzi, mimi nimehesabiwa na mwani.”

“Mimi sehemu yangu siitaki,” anasema Kavenya. “Nimeua mtu mmoja tu, na bado akafufuliwa.”

Ofisi ya tuzo iliulizwa kwa barua pepe, ikajibu siku ya nne. Msemaji wake alieleza kwamba zamani waliwahi kuletewa kazi za kununua, ndiyo sababu ya kanuni ya tisa. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini namba za simu za wanawake wote watatu zimeandikwa kwenye jalada la daftari la kwanza. Alipoulizwa kama kuna aliyepigiwa hata mmoja, msemaji alijibu kuwa tuzo “inathamini sana utamaduni wa masimulizi ya mdomo”.

Hakuulizwa utamaduni. Aliulizwa simu.

Kila siku mkubwa fulani husimama dirishani mwa ofisi yake akisema barua, karani akaichapa, na jina linalowekwa chini ni la mkubwa. Hakuna anayeiita sauti ya makarani. Mwanamke akifanya vivyo hivyo kwa sababu vidole vyake vimechanika, kitabu kinakuwa cha kijiji kizima. Shindano lililoanzishwa kwa ajili ya wanawake wasio na ofisi linawadai waandike kama wenye ofisi.

Njia ya mkato ipo. Barua ya tuzo imeambatanishwa na fomu: Kahaso akitia sahihi kwamba aliandika kurasa zote kwa mkono wake na wenzake wakanakili tu, jina lake litafikiriwa upya.

“Tia tu, Mama Lewis,” anasema Kavenya. “Ni kamstari kamoja.”

“Nikidanganya kuhusu mkono, kesho watasema nimedanganya kuhusu kitabu.”

Anachotaka ni jina lake juu ya jalada, na wanaoliweka wawe wanajua kitabu kilivyoandikwa. Wakikataa, ataanza kuzunguka kwa wachapishaji wa Mombasa na Nairobi, na madaftari yale yale mkobani. Riwaya ya pili imeshafika sura ya tatu, kwa miandiko ile ile.

Saa nne na nusu mchanga umeanza kuonekana. Bi Mwanakombo anakunja kamba zilizo tayari na kuziweka kwenye gunia. Barua imefika aya ya nne.

“Mkono ulioshika kalamu kwenye ukurasa wa nyoka ulikuwa wa Kavenya,” anasema Kahaso, akiinuka na kujifunga leso kiunoni. “Mkato. Lakini…”

“Lakini nini?” anauliza Kavenya, kalamu juu.

Kahaso anayatazama maji, anajitwika gunia.

“Kesho,” anasema. “Hilo nataka nilifikirie vizuri.”