Kitanda cha Asiyekuwepo

Majirani walimwita Mama Funguo, kwa sababu alitembea na funguo kumi na moja kiunoni, zote za nyumba isiyo yake. Kazi yake ilikuwa kuitunza. Bibi mwenye nyumba alikwenda kuishi ng'ambo miaka tisa iliyopita, akaahidi kurudi baada ya mwaka mmoja, na tangu hapo kila mwaka huahidi vivyo hivyo. Mtu mwingine angefagia mara moja kwa mwezi, kisha akauchapa usingizi. Mama Funguo alibadilisha kila Jumatatu shuka ambazo hakuna aliyezilalia, akazifua, akazipiga pasi, akazikunja pembe kwa pembe. Ukimcheka hakujibu. Alikukagua kola ya shati lako tu, ukanyamaza mwenyewe.

Basi adhuhuri moja mdogo wake wa tumbo moja, fundi rangi waliyemwita Brashi, alivunja dirisha la jikoni la nyumba hiyo hiyo akaingia kuiba. Alikuwa na miezi saba hajapata kazi, na alijua kwamba siku hiyo dada yake yuko kliniki. Alitia pasi na saa ya ukutani kwenye gunia, na angeondoka salama salimini, ila alipoingia alikuta sakafu imepigwa deki, akavua viatu. Wamelelewa na mama mmoja wale. Wakati wa kutoka akakanyaga vioo, na majirani wakamkuta uani ameketi, ameshika mguu.

Wizi hakuukana. Likabaki jambo moja tu: je, nyumba ile ni makazi, au ni jengo tu?

"Ukivunja jengo tupu utafungwa mwaka, ikizidi sana miwili," wakili wa Brashi alimweleza Mama Funguo kwenye benchi nje ya mahakama. "Ukivunja makazi ya mtu, inafika hata kumi."

"Lakini pale hamna anayekaa."

"Na ndivyo utakavyosema. Sheria haitazami paa wala kuta, mama. Inatazama kama watu wanalala humo, au kama mwenyewe katoka kwa nia ya kurudi na nyumba inamngoja. Wewe sema imekaa tu. Usiongeze neno."

"Nimekusikia, baba."

Na alimsikia kweli. Alipanda kizimbani kutoa ushahidi akiwa amebana midomo, amepiga moyo konde kwamba leo hata akitekenywa hafunguki. Bahati mbaya mwendesha mashtaka alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio uliommaliza. Hakuuliza nani analala mle.

"Miaka tisa mwenyewe hayupo," alisema kama anamhurumia. "Bila shaka nyumba ni vumbi tupu. Wala sikulaumu, mama. Nani angejisumbua, na hakuna wa kumkagua?"

Jamani. Angemtusi angevumilia.

"Vumbi gani? Nenda kapitishe kidole chako popote unapotaka."

"Hata kitandani?"

"Shuka nabadilisha kila Jumatatu. Taulo liko bafuni, maji ya kunywa yako kwenye jagi. Akishuka leo kwenye ndege, leo leo analala."

"Kwa hiyo unamtarajia?"

"Kila siku namtarajia."

"Ahsante, mama. Sina swali lingine."

Ndipo akamwona wakili amefunika uso kwa viganja. Alitaka kusema kitu, lakini alikwisha kuambiwa ashuke.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki mbili. Hakimu alisema nyumba inayotunzwa hivyo haijaachwa. Kwamba mwenyewe atarudi inaonekana katika kazi ya mikono ya shahidi huyu. Mshtakiwa naye, akaongeza, alivua viatu alipoingia, na hakuna avuaye viatu kuingia ghalani. Yale ni makazi.

Mama Funguo akasimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, nilidanganya. Mimi mvivu. Sijafua shuka hata moja miaka yote hiyo. Panya wamezaliana mpaka kitandani. Na bibi harudi. Yeye anajua harudi, na mimi najua."

Tangu azaliwe hakuwahi kujisingizia uvivu, na sasa aliuchanganya uongo huo na ukweli mmoja, bila kujua kipi kitamwokoa ndugu yake. Karani aliacha kuandika. Hakimu alilitazama gauni lake, lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama yenyewe, akaitazama na leso nyeupe aliyoishika, imekunjwa pembe kwa pembe hata wakati ule wa kilio.

Brashi akamgeukia kutoka kizimbani.

"Dada, kaa chini," alisema taratibu. "Wewe mvivu? Nani atakubali?"

Akakaa. Hakimu akasoma miaka minane.