Siku Mama Alipoikataa Chai ya Wifi Yake

Juzi nilimwona mwangalizi wa uchaguzi akila pilau ya mgombea, tena bila haya. Niliwaka. Mama angemtoa kituoni kwa sikio.

Mchana ule wa utotoni mwangu, kule Pongwe, Mama alikaa kwenye darasa la kupigia kura kama mwangalizi kwa niaba ya kikundi cha wanawake kisichofuata chama chochote. Nilichungulia dirishani; mle ndani mlinuka chaki na jasho. Shangazi, aliyekuwa wakala wa chama, alimsogezea chai ya tangawizi.

"Kunywa, wifi. Au unadhani nimetia sumu?"

"Ya nyumbani kwako nitakunywa kesho. Ya chama chako leo haishuki."

Nilidhani wamegombana, nikalia. Sikujua Mama alikuwa akililinda neno lake.

Jioni mawakala walibishana juu ya hesabu, ngumi ziko karibu. Shangazi akapiga meza.

"Mwulizeni wifi yangu. Huyu hata chai yangu kaikataa."

Mama akasoma hesabu aliyoiandika kila karatasi ilipoinuliwa. Chama cha Shangazi kilikuwa kimeshindwa. Shangazi akawa wa kwanza kutia sahihi kwenye fomu ya matokeo.

Pale dirishani nilimwona Mama mrefu kuliko wanaume wote mle, na alikuwa amekaa.