Mara Mbili Donat Alivula Tenue

Kama munapita Makomeno, hapa Lubumbashi, asubui, mutasikia mwanaume anapiga kelele "Présent!" ndani ya nyumba yetu. Musiogope. Ni bwana yangu Donat, anajibia telefone. Magoti inamusumbua, meno ingine ilishakwenda, lakini saa ya appel, ya kuita majina, ikifika mu groupe yake ya WhatsApp, anasimama wima pembeni ya kitanda na pijama yake, mukono ku kichwa. Ninamuambia, "Baba Séphora, bale bantu habakuone." Ananijibu, "Mi najiona."

Iyo groupe ni yeye njo aliianzisha, ya basoda ba zamani, ba jeshi ile ya Zaïre. Bale benye hawakuwa basoda lakini banapenda bintu bya jeshi, nabo baliomba kuingia. Banauliza rangi ya beret, jina ya camp, bunduki gani ilikuwa nzito, na Donat anabajibu kama profesa wa université.

Lakini acha niwaambie alitokea wapi. Mwaka 97, pale jeshi ile ilivunjika, bakubwa bao bakapanda ndege, badogo bakabakia ku barabara. Donat alifika ku nyumba muchana kweupe, akaingia mu cuisine, akavula tenue yake ya jeshi, akaniambia nichome. Nilichoma. Akavaa shati ya marehemu baba yangu, yenye ilikuwa inamubana ku mabega, akaikala ku kiti. Mi nilikuwa naogopa batamuua. Yeye, haya ya kuvula njo ilikuwa inamuua. Kisha alipata kazi ya kulinda portail ya villa moja kule Golf, mutaa wa batajiri, akaifanya miaka mingi. Patron yake alikuwa anamuita "sentinelle" tu, na Donat hakumuambia hata siku moja kama mu jeshi alikuwa na cheo ya adjudant.

Pale mutoto yetu Séphora alimununulia telefone, rafiki yake wa jeshi, Mumba, mwenye iko Likasi, alimutumia foto moja ya zamani ya camp ya Kamina. Ilikuwa Donat na Laurent, musoda mwenzake, beko na tenue, banacheka, kama bajinga babili benye balishiba. Donat aliitazama ile foto mupaka nikamuuliza kama iko mugonjwa. Akaiweka ku profil yake. Kesho yake akaanzisha groupe, na sheria mbili: kila musoda aweke foto yake na tenue, na aitwe na grade yake, cheo yake ya jeshi. Aba! Nikajiona nimeolewa na telefone. Lakini kusema ya kweli, nilifurahi sana. Mwanaume alianza kunyoa ndevu kila siku, akaanza kucheka tena.

Alors, janvier 2025, Goma ikaanguka mu mikono ya waasi. Na Laurent alikuwa Goma. Pale jeshi ilivunjika, alikwenda kuendesha makamio kule mashariki, akaoa bibi wa kule, Kahambu, akabakia. Ile asubui alimuandikia Donat: "Bantu ba silaha banaingia mu manyumba, banafungua matelefone, banatafuta basoda. Ninafuta yote. Ninatoka mu groupe. Musiniite." Kisha, kimya.

Haya, sasa ambia bazee makumi sita banyamaze! Mumba njo alikuwa wa kwanza kushindwa kunyamaza. Alirekodi sauti yake ile ya parade, "Adjudant Laurent, jibu! Tuko pamoja!" akaituma ku numéro ya Laurent mwenyewe. Pale alimuambia Donat na furaha yote, bwana yangu aliruka ku kiti. "Mumba, unataka kumuua? Futa! Futa sasa!" Bahati, audio ilikuwa ingali na alama moja tu, haijafika. Mumba akaifuta, akaanza kulia kama mutoto.

Tukaikala hivyo, roho juu. Donat alikuwa anamega bukari, anaiviringa mu mukono, anairudisha ku sahani. Kumupigia Laurent hakuweza, juu huwezi kujua nani iko na ile telefone. Kumuacha bila kumutafuta, ile nayo hakuweza. Ikanichosha kumutazama.

Nikamuambia, "Baba Séphora, mi niko mukubwa ya groupe ya chorale, bintu bya WhatsApp ninabijua. Mu Congo hii, telefone gani haina groupe ya kilio? Nafungua moja, na jina yangu, na foto yangu na kitenge ya chorale. Tunamuweka Laurent ndani; bakifungua telefone yake, bataona kilio tu. Akiwa muzima, atajibu."

"Kilio ya nani?"

"Weka jina yoyote."

Akakataa. "Laurent hajui kudanganya. Bakimuuliza marehemu ni nani, atababaika. Tumuweke mama yake."

Mama Chola alikufia Kamina ile juma yenye basoda balikuwa banakimbia. Majirani babili njo balimuzika, mbio mbio, bantu bengine bote beko mu pori. Hakuna mutu alilala inje mu kilio yake, hakuna mutu aliimba. Laurent alisikia pale majani ilishaota ku kaburi. Nikasema, sawa, ni yeye.

Lakini mu groupe ya kilio huwezi kuingiza bantu na foto ya tenue. Donat akabaambia bazee kila mutu aondoe ile ya kwake. Ee Mungu yangu, kelele! Mumba aliita ku telefone, akasema, "Adjudant, mara ya kwanza tulivula juu ya woga. Unataka tuvule tena?"

Donat akasema, "Mara ya kwanza, kila mutu alivula juu yake mwenyewe. Leo ni juu ya Laurent." Akafuta yake mbele ya bote, akaweka foto ya kuku zetu. Mi nililia, na sina haya ya kusema.

Kilio ikaanza. Kwanza ilikuwa ya bure kabisa. Mumba alisoma pole yake sawa mutu anasoma habari ku radio, nikamukaripia: "We, Papa Mumba, uko unalia ao unatangaza?" Lakini muzee moja akakumbuka vile Mama Chola alikuwa anabapikia samaki ya kukauka, anabatukana juu ya manguo yao chafu, kisha anaifua yeye mwenyewe. Mwingine akakumbuka wimbo wake. Mwingine akaanza kuuimba, sauti ikamukatika katikati. Pale hakuna mutu alikuwa anadanganya tena. Audio zikafuatana, bazee banalia juu ya mama ya mwenzao, na Laurent, kimya.

Siku ya Yenga, tumetoka ku misa, telefone yangu ikalia. Ni audio, sauti ya Laurent!

"Mama Séphora, asante. Balinisimamisha ku barrière, bakafungua telefone. Moja wao akasikiliza bale banalia, akasikiliza tena. Akaniuliza, 'Ni mama yako wa kukuzaa?' Nikasema ndiyo. Akanirudishia telefone, akaniambia, pole muzee, pita."

Donat alikuwa amesimama, anacheka, machozi inamutelemuka. Akaniambia, "Muambie tunafunga ile groupe, kazi imekwisha." Lakini audio ilikuwa ingali inaendelea. Tulisikia Laurent anasema:

"Muambie Donat asifunge kwanza. Mi mama yangu sijamulilia."