Mwenzangu Kanichora, Sasa Mume Wangu Ananiuliza

Ndugu wa ukurasa huu, naomba mfiche jina langu na la shule yangu pia, maana sisi walimu wa kuchora tu wachache, mtu akitaja shule tu nimeshajulikana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, mke wa mtu, nakaa Tandale na nafundisha sanaa shule moja ya msingi huku Kinondoni. Mume wangu ni karani wa ghala Kurasini. Niseme mapema asije mtu akamlaumu bure: hanipigi, halewi, na sukari ilipoadimika alikuwa anatoka alfajiri kwenda kupanga foleni mwenyewe. Majirani wananiambia nimepata mume.

Ila ni mtu asiye na maneno. Akirudi nampa pole ya kazi, anaitikia, anafungua redio, anakula, analala. Miaka minane sasa. Nikimsimulia mambo ya shule anasema "ee" huku sikio liko kwenye taarifa ya habari. Picha zangu zimejaa uvunguni mwa kitanda na sijawahi kumwona akiinama kuangalia hata moja. Nilishazoea, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia.

Kinachonipa uhai ni Jumamosi. Walimu wa sanaa wa Kinondoni na Temeke tuna umoja wetu, tunakutana kwenye darasa la shule ya mmoja wetu. Rangi za dukani hazipatikani, basi tunatwanga udongo mwekundu, tunachoma vijiti tupate mkaa wa kuchorea, tunafundishana kupika gundi ya muhogo, ili kila mtu arudi shuleni kwake na kitu cha kuwapa watoto. Tunabishana, tunataniana, nacheka mpaka mbavu zinauma. Mwishoni tuna zoezi la sura: mmoja anakaa mbele, wengine wanamchora. Tunakaa kwa zamu, na kanuni yetu ni kwamba aliyechorwa haombi picha ibadilishwe. Mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu.

Baadaye tukafanya maonyesho katika ukumbi wa jamii huko Temeke. Picha iliyotundikwa katikati ilikuwa yangu, kaichora mwenzangu wa Temeke, mwenyeji wa Lindi, nimwite Somoe. Ni mimi kabisa, hadi kovu dogo la juu ya jicho. Lakini uso ule, jamani, ni wa mtu aliyetoka kuzika. Watu walisimama kuitazama. Waliokuwa wananijua walinigeukia wakanipa pole, nami sina msiba. Nilitamani ardhi inimeze.

Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuwepo. Jioni ile ile akaja nyumbani, akamwambia mume wangu mbele yangu kwamba kama tumekwaruzana tusifiche, tumpelekee atusuluhishe, ndiyo kazi yake. Mume wangu aliona aibu mpaka nikamhurumia. Balozi alipoondoka akaniambia nikaichukue picha hiyo, ichomwe.

Nikarudi ukumbini Temeke. Nilijua navunja kanuni. Nikamwomba Somoe aishushe, au kama hataki, basi anyanyue midomo kidogo tu ionekane natabasamu. Hakukasirika. Aliniuliza kama nakumbuka alinichora wakati gani. Nikasema, si ni siku ile nilipokaa mbele?

"Siku ile ulikuwa unacheka tu, mwenzangu," akasema. "Kila nikiushika uso, unabadilika. Nikataka kukata tamaa. Mpaka mwenyekiti aliposema jamani tukusanye vitu, kila mtu aende kwake. Hapo ndipo ulipotulia. Mie nikakuchora."

Akainuka, akaishusha ile picha ukutani. Akaikunja, akanipa, akasema wenzetu atawaeleza yeye.

Nilifika nyumbani, jiko limeshawaka. Nikamkabidhi mume wangu ile picha nikijua ataitia motoni. Akaikunjua mezani. Akaitazama, akaendelea kuitazama, halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona tangu anioe: alinyoosha mkono akazima redio, na taarifa ya habari haijaisha.

"Hapa ulikuwa unawaza nini?" akaniuliza.

Miaka minane nimetamani mtu huyu aniulize swali. Limekuja, nami nikadanganya. Nikamwambia nilikuwa nimechoka kukaa. Akasema sawa. Hakuichoma, ameitundika ukutani juu ya redio. Tangu siku ile akila anaitazama picha, kisha ananitazama mimi, na redio haifungui. Nyumba imekuwa kimya hadi nasikia kijiko chake kikigonga sahani. Usingizi sipati. Darasani nasahau nilichokuwa naandika ubaoni, watoto wananiuliza mwalimu unaumwa.

Nikimwambia ukweli, kwamba nilichokuwa nawaza ni kwamba narudi nyumbani kwake, nitamvunja mtu ambaye hajanikosea kitu cha kupeleka kwa balozi. Nikinyamaza, nitakuwa nimemfungia mlango siku ile ile alipobisha hodi.

Na kibaya zaidi, jana kaniambia Jumamosi hii atatoka Kurasini moja kwa moja aje kunichukua kwenye umoja wetu, kabla hatujatawanyika, aone tunavyofanya. Atakuwa amesimama mlangoni mwenyekiti atakaposema kila mtu aende kwake, na mimi uso wangu siuwezi, mmeshaona.

Ndugu zangu mnaosoma, nishaurini. Nimwambie mwenyewe kabla ya Jumamosi, au nimwache aje auone?