Mwitikiaji Tak Mi-ok

Tak Mi-ok hakuwahi kutokea kwenye jalada la santuri hata moja, lakini kwa miaka mingi nyimbo za mapenzi za Seoul zilikuwa hazikamiliki bila yeye. Alikuwa mwitikiaji. Mwimbaji akilia mbele, yeye alilia nyuma yake, taratibu, kama mtu anayemshika mwenziwe mkono msibani.

Mama yake, huko Gunsan, macho yalipoingia ukungu alibaki na redio. Wimbo ukianza tu, anapiga simu.

"Mi-ok! Si wewe huyo? Hata wakufukie chini ya ngoma kumi, mimi nitakufukua!"

Kisha upepo ukageuka. Nyimbo za kulia zikapisha za kucheza. Vikaja vikundi vya vijana wenye nywele za rangi, wakighani nusu Kikorea, nusu Kiingereza. Mi-ok alijikokota nao, akijiuma ulimi kwa maneno asiyoyajua. Hadi siku moja mtayarishaji, kijana mwenye adabu zake, alimwinamia, akimwita Mwalimu kwa heshima.

"Mwalimu, sauti yako nzuri mno. Ila ina huzuni."

"Kwani wimbo si wa kuachana?"

"Ni wa kuachana, Mwalimu, lakini dunia inataka kuucheza."

Viitikio vikaanza kuletwa kutoka ng'ambo vikiwa vimeshaimbwa. Mi-ok hakuitwa tena studio.

Wimbo ule wa kuachana, wenye kiitikio cha ng'ambo, ulivuma hadi Marekani. Mama, ambaye sasa alikuwa kwenye nyumba ya wazee, alipiga simu akishangilia. "Wazungu wanakusikia, mwanangu! Nimewatangazia wote hapa!"

"Ndiyo, Mama."

Tangu hapo, kwa mama, kila wimbo mpya ukawa wa Mi-ok.

Majira ya kuchipua alikwenda kumwona, amebeba mikate ya maharage mekundu. Bibi Noh, jirani wa kitanda, hakumpa hata nafasi ya kukaa.

"Haya, mwimbaji wa dunia, tuimbie basi!"

Mi-ok akaimba kiitikio cha wimbo ule. Bibi Noh akakunja uso. "Mbona ule wa redioni una sukari, huu una chumvi?"

Wazee wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Alingoja mpaka wenzake walipokwenda kula.

"Yule si wewe."

"Si mimi, Mama."

"Tangu lini?"

"Kitambo."

Mama akapapasa shuka. "Basi siku zote hizi nilikuwa namsifia mtoto wa nani?"

Mi-ok hakulijua hata jina la mtu huyo.

Tangu siku ile mama aliwaomba wauguzi wasimfungulie redio. Alifariki kabla ya majira ya joto. Msibani wanawake walimngoja Mi-ok aanze kilio. Akafungua kinywa, sauti ikagoma.

Siku hizi anauza picha za vikundi vya waimbaji kwa watalii huko Myeong-dong, mtaa wa maduka wa Seoul. Spika mlangoni zinapiga nyimbo tangu asubuhi. Wasichana wa mbali humwambia kwa Kikorea cha kubahatisha kwamba wanazipenda sana nyimbo za Korea. Yeye huwashukuru, akawafungia picha zao, akamwita anayefuata.