Tarehe Niliyoijaza Mwenyewe

Nilipaswa kukataa. Nalisema hilo kwanza ili nisionekane natafuta wa kumlaumu, maana aibu hii ni yangu peke yangu. Binti yangu Odeta alirudi kutoka kazini Jumapili moja (anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea hapa Lidcombe, mtaa wa Sydney, zamu zake hazijui Jumapili), akaweka pasipoti zetu tano mezani akasema, "Baba, wewe umestaafu, mimi hata kukaa sina nafasi. Tupangie safari wewe, na fomu za kibali cha kuingia Marekani utujazie." Mzee mwenye akili angemwambia mwanawe, fomu jaza mwenyewe. Mimi nikavaa miwani.

Safari ilikuwa ya kwenda kwa dada yangu Yozefina. Tulipotolewa kambi ya wakimbizi Tanzania, sisi Warundi tuligawanywa kama karata, mimi na binti yangu tukaletwa Sydney, yeye akapelekwa Boise, huko magharibi ya Marekani kwenye milima, na tangu siku hiyo tulikuwa tunaonana kwenye simu tu. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka, daktari alishamwambia, na kitu alichokitaka ni twende naye kwenye mbuga za upande wake, Yellowstone na Grand Teton, ambazo miaka yote hiyo hakuwahi kuzitia machoni.

"Nimesafisha vyumba vya hoteli vya watu wanaotoka kuziona," aliniambia. "Wananionyesha picha za maji yanayochemka ardhini bila kuni. Njoo unipeleke, mdogo wangu, nikiwa bado naweza kupanda gari."

Basi nikapanga. Nikabandika ramani ukutani sebuleni, nikaazima vitabu maktaba, nikaandika siku kwa siku tutalala wapi na dada atapumzikia wapi, nikasoma habari za dubu mpaka nikawaota, na kila baada ya chakula nikaitisha kikao cha familia, wajukuu wangu wawili wakisikiliza Kiswahili changu na kunijibu kwa Kiingereza chao. Siku moja yule mkubwa akaniuliza kama hii ni likizo au ni kiwanda. (Kabla ya kustaafu nilikuwa msimamizi wa zamu kiwandani Smithfield, hata muda wa chai nilikuwa nautangaza mimi.)

Zikabaki fomu. Sasa, asiyepita kambini huenda hajui kwamba wengi wetu tumezaliwa tarehe moja Januari. Siyo kwamba mama zetu walipatana, ni karani tu, akikuta huna cheti aliandika hiyo na kumwita anayefuata. Kanisani kwetu watu wazima karibu wote tunaimbiwa wimbo wa kuzaliwa siku moja, keki moja inatosha. Tarehe hiyo ndiyo iliyo kwenye pasipoti yangu na ya Odeta. Lakini katika simu zile za kupanga safari, dada, aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, alinitajia siku niliyozaliwa hasa, wakati wa kuvuna mtama, na mimi na mvi zangu nikalia, kwa sababu sikuwahi kuijua. Fomu ilipoiuliza, niliona kuandika Januari ni kama kumkana mama yangu.

Mkwe wangu Feliksi alikuwa kando yangu ameshika pasipoti.

"Samahani, Baba," akasema taratibu. "Hapa wameandika Januari."

"Pasipoti haikuwepo nilipozaliwa. Dada yangu alikuwepo."

"Ni kweli, Baba. Ila nafikiri wanataka zifanane."

"Wanataka ukweli. Soma hapo chini, si wanasema uthibitishe kuwa ni kweli?"

Feliksi akanyamaza, kwa sababu kwetu mtu habishani na baba mkwe, na mimi niliuchukua ukimya wake kuwa ushindi. Tena kwa kuwa nilikuwa nimepata moto, nikaandika na ya Odeta, ambayo naijua vizuri, nilikuwa nje ya mlango nikimsubiri azaliwe.

Halafu nikamwomba mchungaji atangaze safari yetu. Kwetu msafiri husindikizwa, kwa hiyo kwaya nzima ikaja uwanja wa ndege na sare za kitenge cha kijani, mama mmoja akiwa na kayamba. Wakabaki wanaimba nyuma yetu, sisi tukaenda kaunta. Dada wa kaunta akabonyeza, akakunja uso, akamwita mkubwa wake.

"Mzee, umezaliwa lini?" akaniuliza yule mkubwa.

Nikamtajia, kifua mbele. Akatazama pasipoti. "Sasa ipi ni yako?"

"Zote mbili," nikamjibu, na foleni nzima ikacheka.

Odeta akanigeukia. "Baba, uliandika nini?"

"Ukweli."

"Na yangu?"

Tuliomba upya palepale kwa simu ya Feliksi, lakini kibali kilirudi kesho yake, ndege imeshaondoka, na tiketi zilikuwa za aina isiyobadilishwa (nilizichagua mimi, na nilijisifu). Siku ileile nikatoka kaunta nikisukuma mizigo, kwaya wakaniona, wakadhani nimekuja kuwaaga tena, wakapandisha wimbo. Nikainua mkono kuwanyamazisha, wakadhani napunga, wakapiga vigelegele, mchungaji akinirekodi kwa simu.

Kwenye gari Odeta hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Likizo yake ilikuwa hiyo tu, nyingine mwakani. Nilipompigia dada, alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimekukwamisha mimi na kumbukumbu zangu! Haya, mwakani. Maji yale hayataacha kuchemka."

Miezi mitatu baadaye moyo wake ukasimama. Fomu ya safari ya mazishi aliijaza Odeta, tarehe moja Januari, na nikafika Boise bila kuulizwa hata swali moja, nikamzika. Ile ramani nilimwekea ndani ya jeneza.

Tangu hapo nikipewa fomu naipitisha kwa wengine, na mkwe wangu akisema samahani, Baba, naweka kalamu chini nasikiliza. Siku yangu ya kuzaliwa naijua. Lakini kwa sababu nilitaka kuiandika kwenye fomu ile, sikumwona dada yangu akiwa hai.